Bibi Kausifu Msiba

Jamani, leo bibi yangu kausifu msiba bila kujua.

Asubuhi sisi wanafunzi tulizamia Matemwe na mitungi yetu ya hewa, kuangalia afya ya matumbawe. Nikatoka na video, nikaenda na wenzangu kumwonyesha bibi hapo hapo kijijini.

"Mashaallah! Meupe pee! Nani kayasafisha?"

Wenzangu wakacheka. (Nyie mngemwambiaje?)

"Hayakusafishwa, bibi. Bahari imezidi joto. Yakiwa meupe hivi ndo yanakufa."

Bibi akaisogeza simu karibu na macho.

"Hapa si kwenye mwamba wetu wa pweza?"

"Ndo hapo."

Akavuta pindo la kanga, akaifunika simu taratibu, kama mtu anayemfunika maiti uso.

Video ikaendelea. Chini ya kanga tukazisikia pumzi zangu, zinabubujika.