Siku Tulipompelekea Bibi Eliza Msiba Wake Mwenyewe

Jambo hili nikilikumbuka naona aibu hadi leo, na mkitaka kucheka chekeni tu, maana hakuna aliyenituma, nililipanga mwenyewe kwa akili zangu timamu, mimi afisa ustawi wa jamii mwenye cheti ukutani.

Kulikuwa na Bibi Eliza, mjane anayeishi peke yake kijiji kimoja nje ya Makambako, ana sukari na kidonda mguuni, na nesi wetu alishaonya kwamba wiki ikipita bila kwenda hospitali Njombe, mguu utakatwa. Bibi hataki. Tena mjanja huyo, nesi akienda anaambiwa "ustawi kasema nisubiri", nikienda mimi naambiwa "nesi kasema kinapona", na mwinjilisti akienda ndiyo kabisa, wanaomba, wanakunywa chai, basi. Nikaona dawa yake ni twende wote watatu kwa mpigo, bila taarifa, asije akatukimbia (akimbilie wapi na mguu ule, sijui nilikuwa nawaza nini).

Tukaenda Jumapili baada ya ibada, gari moja, nesi na sare yake, mwinjilisti na joho lake, mimi na sketi nyeusi na faili. Sasa kwetu huku watu wa namna hiyo wakishuka pamoja kwa mgonjwa wa siku nyingi, nani atauliza? Jirani alituona tu akashika kichwa, akaangua kilio, na kabla hatujamaliza kusalimiana na bibi ndani, uani wamejaa, kina mama na unga, wanaume wanashusha kuni, kwaya imeshaanza wimbo wa kuaga. Nikatoka kueleza, wakanyamaza wakingoja nitangaze saa ya mazishi.

"Jamani, bibi ni mzima," nikasema.

"Mzima kwa Bwana, mwanangu," mzee mmoja akanifariji.

Ndipo Bibi Eliza akatokea mlangoni na fimbo yake, akatazama kuni, akatazama unga, mimi natamani ardhi inimeze.

"Kumbe njia ya kuja kwangu mnaijua," akasema taratibu. "Mbona maji nachota peke yangu na mguu huu?"

Kisha yule jirani aliyeanza kulia akasema nguruwe wa bibi atawalisha yeye, mwingine akachukua zamu ya kuchota maji, mwingine ya kulala naye hospitali, na bibi, ambaye kumbe siku zote alikuwa anawaza nguruwe wake wataachiwa nani (wataalamu watatu hatukuwahi kumuuliza), akapanda gari.

Mguu upo. Juzi nimemwona sokoni na ndoo yake ya viazi, nikajivuna waziwazi, sifichi. Bado tunakwenda wote watatu, ila sasa napiga simu kwanza, joho linabaki kanisani, na kabla sijafungua faili namuuliza mgonjwa nani anamchotea maji.