Haruni Alivyoivua Ndege Yake Nguo

Haruni ni fundi wa chenso, zile mashine za kukatia miti, hapa Makambako. Amepanga chumba kwangu mwaka wa sita sasa. Mimi shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini mtu anayejua kazi namtambua, wala simwulizi cheti.

Huyu bwana anatengeneza ndege. Mabawa yake marefu kama mlango, injini kaitoa kwenye mashine ya kufyekea nyasi, na inaruka yeye akiwa amesimama chini na rimoti. Mifupa ni vijiti vya paina. Juu anaivisha plastiki nyembamba yenye gundi upande mmoja, anaipiga pasi mpaka inakaza kama ngozi ya ngoma.

Ya kwanza ilianguka. Injini ile inakunywa petroli yenye oili, na ikiunguruma inatema mafuta kuelekea nyuma. Mafuta yakapenya chini ya plastiki, gundi ikaachia, bawa likabaki uchi huko huko angani. Sokoni walimcheka wiki nzima.

"Haruni, kuku wako amenyonyoka!"

"Subirini aote manyoya," akawajibu.

Mwaka huu mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi cha Njombe akasikia kwamba anatengeneza ya pili. Akasema atakuja Jumamosi kuangalia. Ikiruka na kutua salama, Haruni atafundisha pale, hata bila cheti. Ikianguka, basi tena.

Jumatano nikamkuta amemaliza, ndege nyekundu inang'aa. Safari hii mbao zote za karibu na injini alizipaka vanishi mara tatu, mpaka ndani ya matundu ya skrubu, zisinywe mafuta. Nikapitisha kidole kwenye maungio ya plastiki.

"Ulianza kuvisha wapi?"

"Mbele, bibi, kwenye injini. Nikaenda nyuma."

"Basi itavuja."

"Bibi, hii siyo nyumba."

"Kwenu hamjawahi kuezeka nyasi? Sisi Wabena tunaanzia chini tunapanda, tabaka la juu linalalia la chini, maji yanapita zake. Wewe umeanzia kileleni. Kila ungio limeachama kuelekea injini, linasubiri mafuta."

Mkewe Ashura akaruka. "Jamani bibi, zimebaki siku tatu!"

Haruni aliinama, akaangalia ungio moja, la pili, la tatu. Kisha akashika ncha ya plastiki akavuta. Kazi ya wiki nzima, aliibandua yote mbele yetu. Nimeishi miaka mingi na sijaona mwanaume mwingine wa kufanya hivyo kwa neno la bibi kizee.

Akaanza upya usiku na mchana, toka mkiani kwenda kwenye injini. Kila ukingo aliufuta kwa spiriti kabla ya pasi, na mwisho akapitisha vanishi juu ya maungio.

Jumamosi upepo wetu mkali wa Makambako ulikuwepo, na ndege ikaruka. Ilitua imepakaa oili tumbo zima. Mwalimu akaifuta kwa kitambaa, akachokonoa maungio kwa ukucha. Hakuna lililofunguka. Akampa Haruni mkono.

Sasa kila Jumatatu anapanda basi la Njombe. Siku ya kwanza nilimwambia abebe ile nyekundu. Akakataa, akachukua bawa la ile iliyoanguka, limelowa, linanuka petroli.

"Wanafunzi waanze na hili, bibi."

Mkaidi kama mimi.