Misi

Mama yule fundi cherehani, Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno "misi" alijiona analo kiganjani. Misi ni mwalimu wa kike, kama yule aliyemfunza kuhesabu kwa viboko. Misi ni mrembo wa mashindano. Aliwahi kumshonea mmoja gauni, likambana hadi binti wa watu akapanda jukwaani kama kuku aliyefungwa miguu. Mpirani, mchezaji akipaisha shuti, watu hupiga kelele kwamba amemisi. Na simu ikiita bila kupokewa, hiyo ni misikoli.

Mwanawe wa pekee alihamia ng'ambo, akaoa huko, akapata binti asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Jumapili bibi na mjukuu walionana kwenye simu, wakachekeana na kupungiana mikono. Siku moja mtoto akainama, uso umemnyong'onyea, akasema, "Ai misi yu, Bibi."

Bibi alishtuka. Kumbe walipiga wakamkosa! Simu yenyewe ilikuwa kuukuu, ikitaka inaonyesha aliyepiga, isipotaka haionyeshi.

"Nisamehe, mjukuu wangu," alisema. "Cherehani inapiga kelele, sikusikia."

Mtoto alitikisa kichwa tu. Wiki iliyofuata akasema vilevile, na nyingine tena. Kumuuliza mwanawe aliona haya, asije akaonekana mama asiyejali. Akaifunga simu kamba, akaivaa shingoni. Akaacha hata kwenda kwa dada yake kupiga soga, maana nyumba ile ilikuwa bondeni na mtandao haukufika.

Dada huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Kicheko, hakununa. "Mdogo wangu kaolewa na simu," aliwaambia majirani, "na mahari sijala."

Kisha Kicheko akaugua figo, akalazwa. Kuta za wodi zilikuwa nene, simu ndani haikushika. Fundi alikuja kila siku na supu, akamnywesha, akamfuta mdomo, kisha akaanza kutazama mlango.

"Natoka kidogo getini, dada. Mtoto asije akapiga akanikosa."

"Hebu kaa," Kicheko alisema Jumapili ile, amemshika kiganja. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Leo kaa."

"Narudi sasa hivi."

Pale getini simu iliita kweli. Mjukuu alimwonyesha jino lililong'oka, wakacheka. Fundi aliporudi wodini alikuta kitanda kimezungushiwa pazia. Muuguzi alimshika bega. Mgonjwa wa kitanda cha pili ndiye aliyesema: "Alikuwa anakuulizia, mama. Nikamwambia upo hapo nje tu."

Mwanawe alikuja kuzika, amefuatana na binti yake. Mtoto alimkumbatia bibi kiunoni, akalitamka neno lake lile lile. Fundi akafura.

"Mwambie mwanao, simu yake hata moja sijaikosa! Niliacha kila kitu. Bado ananilaumu?"

"Anakulaumu kwa lipi, Mama?"

"Si anasema amenimisi?"

Mwanawe alimkalisha kitandani. "Mama, anasema ana hamu nawe. Basi. Hajawahi kukulaumu."

"Muda wote huu?"

"Muda wote huu."

Fundi aliutazama mlango. Kisha akauliza polepole, "Na mtu akishakufa, ukawa na hamu naye, wanasemaje?"

"Neno hilo hilo, Mama."

Hapo ndipo alipolia kwa sauti, na yote yakamtoka: bonde, geti, pazia. Mwanawe alimpapasa mgongo. "Hukujua, Mama. Usijibebeshe mzigo."

"La mwanao sikulijua," alisema. "Lakini mama yako mkubwa aliniambia kaa. Hilo nililijua."



Walirudi ng'ambo, na simu za Jumapili ziliendelea, sasa baba mtu akikaa pembeni kutafsiri. Mtoto amejifunza kusema "hamu", ingawa hutamka "amu". Bibi humjibu kwamba naye anayo, tele. Kisha hunyamaza, akanyamaza mno, hadi mtoto amgeukie baba yake kuuliza kama simu imekatika.