Visoda vya Baba

Enzi zetu pale Butiama, hesabu iliingia kichwani kwa kupitia makalioni. Darasa zima tulikariri tebo kwa sauti moja, miguu ina vumbi, tumboni uji wa mtama, na aliyekosea alijua fimbo inatua wapi. Watoto wa leo wakiguswa bega tu, kesi inafika kwa mkuu wa shule. Sisi tulisoma, na ushahidi ni mimi hapa: niliuza dagaa wa kisiwa cha Rukuba, nikajisomesha mwenyewe, nikarudi Mara na diploma ya afya ya mifugo, ya kwanza katika ukoo wetu. Duka langu la dawa za mifugo liko Mukendo, mjini Musoma, na cheti nimekitundika mahali ambapo mteja hawezi kukikwepa.

Lakini diploma hiyo nusura isiwepo, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa msichana wa darasa la pili alipokuja Mwalimu Yusta, binti mgeni, na mfuko wa visoda vya chupa za soda alivyookota stendi ya Bunda. Fimbo akaiweka juu ya kabati, ikaota vumbi. Tulikaa chini, tukapanga visoda kumikumi, tukaongeza, tukapunguza, tukaimba. Wazazi waliochungulia dirishani walinung'unika: "Tumewaleta wasome, wanachezeshwa bao!" Baba yangu, mtu wa ng'ombe na maneno machache, alisema tu, "Ngoja tuone."

Siku moja Mwalimu akatuagiza tukahesabu kitu chochote nyumbani. Wenzangu wakahesabu kuku. Mmoja alihesabu mafiga ya jikoni kwao, akaleta jibu kwa majivuno: matatu. Mimi, ambaye tangu utoto sijapenda kuwa wa pili, nilisimama mlangoni mwa zizi jioni, kidole mbele, sauti juu: mmoja, wawili, watatu...

Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Ukimtaja kwa namba, unakiita kifo kije kuchagua. Hilo nililijua kama jina langu, ila visoda vilikuwa vimenilevya.

"Wee! Nani kakufundisha kunyooshea ng'ombe kidole?" Baba alifoka.

"Mwalimu, Baba."

Siku tatu baadaye ndama mmoja akafa. Asubuhi niliposhika daftari, Baba alilichukua taratibu, akalichomeka darini. "Shule imetosha. Utachunga mbuzi."

Nilichunga mbuzi wiki nyingi. Upepo ulileta nyimbo za hesabu kutoka darasani, nami huko porini nikawa napanga mavi ya mbuzi kumikumi, machozi yananitoka.

Kisha Mwalimu Yusta akaja nyumbani. Mama alimpa maziwa mgando, na Baba akamwambia wazi, "Mwalimu, hatuna ugomvi. Ila namba zako zimeingia zizini kwangu."

Mwalimu hakubisha. "Mzee wangu, wewe unajuaje kama wote wamerudi?"

Baba akacheka. "Aa, mimi ninawajuaga! Kuna Machozi. Kuna binti yake mwenye baka jeupe usoni. Kuna yule wa pembe moja aliyekuja na mahari ya shangazi wa huyu..." Kila alipomtaja mmoja, Mwalimu aliweka kisoda juu ya mkeka. Baba alipomaliza, Mwalimu alivitia vyote kwenye kopo, akaomba na kopo jingine tupu. "Wakiingia, kila mmoja ahamishiwe kisoda chake, kutoka kopo hili kwenda hili. Namba hatutaji."

Baba alipokea kwa adabu, akaficha makopo nyuma ya mlango.

Jioni moja alikuwa msibani, Mama akabaki kuingiza ng'ombe. Akayakumbuka makopo. Zizi lilipofungwa, kisoda kimoja kilikuwa kimebaki. Baba alirudi jua likizama, akakitazama kile kisoda, akachungulia zizini, akafumba macho, midomo ikapita jina kwa jina. "Binti wa Machozi," alisema, akatoka mbio. Tulimfuata, tukamkuta yule ng'ombe korongoni, mguu umenasa, na fisi wameshaanza kucheka kwa mbali.

Njiani Baba alisema, kama anayejisemea mwenyewe, "Hivi siyo kuhesabu." Kesho yake daftari lilishuka darini.

Hapo nilijifunza jinsi jambo jipya linavyotembea. Halikwenda kwa mkutano. Jirani mmoja alikuja: "Hebu tuone hicho kikopo." Akafuata mwingine. Mwishowe wazee ambao hawajawahi kuonja soda walikuwa wanakunywa pale senta wakibeua, ilimradi wapate kisoda. Na wale wa "wanachezeshwa bao" wakaenda kumuuliza mkuu wa shule kwa nini darasa la tatu bado linatumia fimbo.

Siku hizi mimi ndiye ninayewavalisha ng'ombe hereni zenye namba, simu inasoma, orodha inatoka yenyewe. Juzi kijana mmoja zizini kwa mteja aliniambia, "Dada, mmoja hayupo."

"Yupi?"

Akanisomea namba ndefu.

"Ana rangi gani? Mama yake nani?"

Akaipapasa simu kama itamnong'oneza. Baba angefumba macho tu.

Baba ametutoka. Kopo lake liko dukani kwangu, chini ya diploma, na siku nyingine nalitikisa nizisikie jioni zile, ng'ombe wakiingia mmoja baada ya mwingine. Wateja huniuliza mna visoda vingapi humo. Diploma ninayo, lakini sijavihesabu.