Amina Niliyoitika Mlimani

Pasta wangu anasema njaa ya kufunga ndiyo ilinichanganya. Sawa, aseme. Yeye hakuwako kule, na anayempikia yule mtu kila siku ni mimi.

Papa Gracia, mume wangu, alifukiwa na udongo ndani ya shimo la kuchimba shaba, upande wa Kakanda. Siku ya tatu wenzake waliniambia nitafute nguo nyeusi. Nguo gani? Nilifanya tunavyofanya sisi watu wa maombi hapa Likasi: nilifunga bila maji, nikapanda mlima.

Ukiwa mtaa wa Panda unauona, mawe mekundu, kileleni hakuna mti hata mmoja. Nilifika saa sita, jua la utosini, mji wote uko chini yangu na maji ya ziwa Tshangalele yanameta mbali. Nilikuta mwanaume amepiga magoti, anaomba huku amefunika kinywa kwa kiganja. Niamini, majani yalikuwa yameota juu ya miguu yake. Nilisema moyoni, huyu amefunga sana kuliko mimi. Ningekimbia, lakini ningekimbilia wapi?

Akaniambia, "Mama, tuunganishe maombi. Weye utaomba yako, minye nitaomba yangu, tuitikiane Amina."

Kwetu ni kawaida. Nani anamnyima mwenzake Amina? Nililia, nikaomba papa Gracia atoke mzima, naye akaitika. Kisha akanong'ona ndani ya kiganja chake. Nilishika mwisho tu: "nirudie ku nyumba." Niliitika Amina mara tatu, kwa nguvu zangu zote. Nilipofumbua macho, hayuko.

Nikiwa bado nashuka simu ikalia: wamemtoa, ni mzima. Jamani, nilicheza peke yangu njiani.

Lakini aliyerudi hakumjua Gracia, mtoto wake mwenyewe. Na usiku wa kwanza alipiga magoti kando ya kitanda, akafunika kinywa kwa kiganja. Asubuhi nilimwandalia chakula. Nikamwuliza, "Mume wangu yuko wapi?" Aliacha kula, akanijibu kwa upole, "Iko kule juu, mama. Anangojea mwenye atamwitikia."

Kila wiki napanda, naita mpaka sauti inakauka. Sijamkuta. Basi ninyi mnaofunga milimani, nawasihi: mkikutana na mwanaume mrefu, mwenye pengo mbele, akitaka mwitikiane Amina, nyamazeni. Mkimwitikia ataingia nyumbani kwenu kwa sura ya mtu wenu, na mimi nitamkosa kabisa. Mwambieni tu asiondoke pale, mke wake anakuja.