Mabawa ya Nondo

Nimeificha aibu hii mpaka nimechoka, na kwa kuwa huku Pongwe kila mtu anaisimulia anavyotaka (wapo wanaosema nililia, waongo wakubwa), bora niiseme mwenyewe. Mimi shule niliachia darasa la tatu. Kuchomelea nilijifunza kwa kuungua, na leo ukiliona geti huku kwetu halijalegea bawaba, uliza, utaambiwa ni kazi yangu. Nasema haya mjue aliyeaibika ni mtu wa namna gani.

Mjukuu wangu Mwanaidi ni fundi cherehani. Yeye na wenzake wana mchezo wa kujivika mavazi ya watu wa katuni za Kijapani, wanashindana nani kafanana zaidi, na mwaka huu shindano likawekwa Raskazone, mshindi apewe kazi ya kushonea kikundi kimoja cha maigizo mwaka mzima. Kazi ile Mwanaidi aliitaka mpaka akawa anaiota. Vazi alishona mwenyewe, likabaki jambo moja: mabawa ya kuvaa mgongoni, ukivuta kamba yanafunguka, ukiachia yanajikunja.

Sasa niambieni nyie, msichana ana babu fundi chuma, mabawa anampelekea nani? Mhando. Mhando fundi miavuli, rika langu, anayekaa kwenye kigoda nje ya duka la vitenge na kakoleo kadogo kama ka kunyofolea nyusi. Miaka arobaini mimi nanyanyua vyuma, yeye ananyoosha njiti, na watu wanatuita mafundi sote wawili. Hilo lilinikera tangu zamani. Halafu siku moja napita zangu ananiambia, "Mwenzangu, mjukuu wako kaniletea kazi ya mabawa. Nikamuuliza, babu yako je? Akasema, babu ni wa mageti."

Babu ni wa mageti. Nilirudi nyumbani, sahani ya wali nikaisukuma pembeni.

Nikaamua kumtengenezea mabawa yangu, kimya kimya, nimtolee siku ile ile ya shindano, aone yeye na Mhando aone. Kumpima nisingeweza, angejua. Na futi kamba sijawahi kumiliki, mimi napima kwa mkono wangu, kiwiko mpaka ncha ya kidole, na kwa shubiri, kama wazee walivyopima, na geti halijawahi kulalamika. Basi nikajipima mwenyewe. Nikasema, kwani huyu si damu yangu? Mwili ni huu huu. (Mwanaidi ananifika begani, na tumbo hili ni la kwangu peke yangu. Hayo niliyakumbuka baadaye.) Nikachukua nondo nyembamba, turubai la bluu, bawaba nne za geti na springi mbili za pikipiki, maana nilitaka yafunguke kwa heshima.

Siku ikafika, nikavaa kanzu yangu ya Idi, mabawa nikayafunga juu ya bajaji, huyo Raskazone. Nikamkuta Mwanaidi nyuma ya ukumbi, kwenye foleni ya kuingia jukwaani, kavaa mabawa ya Mhando, na Mhando mwenyewe yupo pembeni anayatia mafuta. Yalikuwa meupe, mepesi, yanafunguka bila sauti kama mtu anavyopumua. Niliyatazama nikaombea yavunjike njiti.

"Vua hayo," nikamwambia. "Vaa ya babu yako."

"Babu, bado watu wawili niitwe."

"Watu wawili ni wengi."

Kwa adabu yake akavua, akajaribu. Mikanda ikamshuka mpaka mapajani, uzito ukamvuta kinyumenyume, Mhando akamdaka. "Babu," akasema taratibu huku akivaa tena ya Mhando, "haya ni kipimo chako wewe."

Mhando akatazama pembeni. Afadhali angecheka.

"Basi tazameni yanavyofanya kazi," nikasema, nikayavaa (yalinikaa sawasawa), nikasimama kwenye mlango wa jukwaa, mgongo nimewapa watazamaji bila hata kuwakumbuka, nikavuta mnyororo niliouweka badala ya kamba. Yakafunguka kwa mlio wa geti la ghala, moja likapiga mwimo wa kulia, lingine wa kushoto, nikabanwa mlangoni sendi mbele sirudi nyuma, na ncha ya bawa moja, iliyokuwa imenasa pindo la kanzu, ikapanda nalo mpaka mabegani. Ndani nilivaa bukta ya kuchezea mpira, namba imeandikwa nyuma. Namba tisa.

Ukumbi ukapiga makofi. Mshereheshaji akauliza kwa kipaza sauti, "Huyu mzee ni mshiriki namba ngapi?" Watu wakamjibu kwa pamoja, "Tisa." Halafu akaita jina la Mwanaidi.

"Babu, kunja."

"Hayakunjiki." Kukunja nilikuwa sijakufikiria kabisa.

Jina likaitwa mara ya pili. Mhando akamwambia, "Pita chini, mwanangu, babu yako nabaki naye mimi." Mwanaidi akainama, akapita chini ya bawa langu, na alipotokea upande wa pili akauona mgongo wangu kama ukumbi ulivyouona. Alitakiwa aende katikati ya jukwaa. Hakwenda. Alisimama pale pale nyuma yangu, akavuta kamba, akafungua yale mabawa meupe, akanifunika.

Jina likaitwa mara ya tatu, hakusogea, wakaita linalofuata. Mhando alikuwa bado anachomoa pini za bawaba kwa kale kakoleo, moja moja, na neno alilosema ni hili tu, "Bawaba nzuri hizi."

Ndani ya bajaji Mwanaidi hakunilaumu. Alisema, "Babu, ungeniuliza kimo changu ningekuambia." Ile kazi ya mwaka mzima ilikwenda kwa binti mwingine.

Nimenunua futi kamba, imening'inia karakana, na nimeapa sitengenezi kitu cha mtu kabla sijamwita huyo mtu asimame mbele yangu nimpime. Mhando nimekwenda kumshukuru, nimekaa hata kwenye kigoda chake. Lakini wivu sidanganyi kwamba umeisha. Mwavuli wangu ulivunjika njiti mwanzo wa masika, na duka la vitenge si mbali, ila nilikuwa natembea nanyeshewa tu. Jana Mwanaidi kanikuta nimelowa, akauchukua bila kuniuliza. Najua kaupeleka wapi. Na najua utarudi unafunguka bila sauti.