Besi ya Baba Kwenye Simu

Baba yangu ana sauti nene kuliko mwanamume yeyote hapa Kibirichia, na anajua. Kwa miaka mingi amesoma matangazo kanisani bila kipaza sauti. Hata akitangaza mwavuli uliopotea, kina mama huketi wima. Kwa hiyo kikundi cha wakulima wa viazi kilipoamua kuweka namba ya simu, mtu apige asikie siku lori la mnunuzi litakapokuja, hakuna aliyeuliza sauti itakuwa ya nani. Baba alinyoa ndevu mapema.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Nafanya kazi ya kurekodi sauti mjini Meru, na nina ugonjwa wa kupenda vifaa. Jumamosi ya kurekodi nilikuja nyumbani na kinasa sauti cha bei ambayo sijamwambia mtu, nikamketisha baba stoo katikati ya magunia ya viazi, maana magunia humeza mwangwi vizuri kuliko studio nyingi. Alisema machache tu: lori ni Jumanne saa moja asubuhi, msichimbe mapema, viazi vikikaa juani vinageuka kijani. Nilipomvisha vipokea sauti ajisikie, alifumba macho.

"Hiyo sasa ni mimi," alisema.

Shida ni kwamba faili ilikuwa kubwa mno. Ilibeba vipimo elfu tisini na sita vya sauti kila sekunde, na mtambo wa simu unataka elfu nane tu. Nikaibana kwenye meza ya jikoni, nikaipandisha kwenye mtambo, nikampa baba kabambe yake, simu yake ndogo ya vitufe, apige.

Alisikiliza hadi mwisho. "Hii ni nani?"

"Ni wewe, baba."

"Hapana. Hii ni mtoto wa form one amefungiwa kwa tanki ya maji."

Simu hukata ngurumo zote za chini, na baba ni ngurumo tupu. Hilo nililijua tangu chuoni, na bado nilimwahidi. Nikapandisha hapa, nikashusha pale, nikaibana upya mara saba. Kila mara alisikiliza, akanirudishia simu polepole zaidi. Mara ya saba aliiacha mezani. Alitoka kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu nilikuwa nimemvua mzee kifua chake mbele ya mkewe.

Mama alikuwa akimenya viazi muda huo wote. "Na Jumanne haitangoja," alisema. "Leta hiyo kitu."

Alikataa kwenda stoo. Alisimama palepale, kisu mkononi, akasema maneno yale yale kama anavyozungumza na jirani wa ng'ambo ya bonde: neno moja, anangoja lifike, halafu lingine. Mama amezungumza hivyo maisha yake yote, na mashamba yetu yametengana. Nikaibana mara moja tu. Ilitoka kwenye kabambe safi kabisa, kila neno mahali pake. Miaka yote ya masomo yangu, kumbe mama alikuwa amejibana mwenyewe.

"Sasa nani atamwambia baba?" niliuliza.

"Wewe ndiye fundi."

Nikamfuata zizini. "Baba, simu imekubali ya mama."

Alimpapasa ng'ombe mgongoni kwa muda mrefu. "Amesema saa moja?"

"Amesema."

"Na ya kuchimba mapema?"

"Pia."

Hakuniangalia. Usiku huo alikula kidogo, na mimi nikala kidogo zaidi.

Kesho yake kanisani alisimama kusoma matangazo kama kawaida. Alipofika kwenye tangazo la lori, alikunja karatasi.

"Mambo ya lori, pigeni ile namba. Mtasikia mke wangu. Simu imemchagua aongeleshe wale wako mbali." Akaikunjua karatasi tena. "Mimi nimebakishiwa nyinyi mko hapa. Kwa hivyo nisikizeni vizuri."

Akaanza tangazo la mkutano wa vijana, na sauti ikashuka hadi nikaisikia kwenye mbao za benchi. Hakuharakisha hata neno. Machozi yalinitoka, na sikujificha.

Mama akaniinamia sikioni. "Mwambie afupishe," alinong'ona, huku akijifuta macho kwa leso. "Lori ya Jumanne itatupata tukiwa hapa."